Picha Moja kwa Kila Habari

Mwezi uliopita nilialikwa kumpigia makofi mtu ninayemdharau. Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa wa hoteli ya barabarani hapa Kasese, viti vimevishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe mgongoni kama maharusi, na juu ya jukwaa picha ya Bwana Masereka akitabasamu kwa ukubwa wa mlango wa gereji. Walimwita baba wa habari za mtandao katika Rwenzori. Nilikaa meza ya nyuma na sahani yangu ya wali, matoke na kipande cha samaki, nikasikiliza wasemaji wakishindana kumsifu, hadi yeye mwenyewe aliposhika kipaza sauti akasema, kwa mtindo wake ule ule wa kumeza mate kabla ya neno kubwa, kwamba kulikuwa na siku ambapo habari moja ya blogu yake iliwaliza watu kutoka Kasese mpaka Butembo. "Huo ndio uwezo wa kalamu!" alisema, na ukumbi ukalipuka. Mwanamke aliyekaa kando yangu, mtangazaji wa redio, akaninong'oneza, "Huyu mzee aliona mbali." Nikamjibu kwamba ni kweli, isipokuwa vilivyokuwa mbele ya pua yake. Akacheka, akidhani ni utani. Masereka hakueleza watu wale walikuwa wanamlilia nani, wala hakuna aliyemuuliza. Mimi nilikuwapo, nami nitaeleza.

Mwaka ule nilikuwa msichana aliyetoka chuoni na cheti cha kompyuta, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kwake. Blogu aliiita Mlima na Mpaka, na makao yake makuu, kama alivyopenda kupaita, yalikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Kulikuwa na joto la kuyeyusha mshumaa na harufu ya sponji mpya iliyopanda ngazi na kukaa nasi mchana kutwa. Sakafu ilikuwa ya mbao, kwa hiyo tulisikia kila neno la chini: mume akitaka godoro jembamba, mke akimuuliza kama anamnunulia mkewe au mbwa. Nilijifunza mengi kuhusu ndoa katika chumba kile kabla sijaolewa. Tulikuwa wafanyakazi wawili tu, yeye na mimi, lakini alitaka aitwe Direkta hata tukiwa peke yetu. Mchana mama mmoja wa jirani alituletea chakula. Mimi nililetewa obundu, ule ugali wetu wa muhogo, na maharage. Yeye aliletewa nyama ya mbuzi, na kabla ya kufunua sahani aligeuza kiti chake kikaelekea ukutani, ili asilazimike kunikaribisha. Mpaka leo nikifikiria ubahili sioni sura ya mtu, naona kisogo chake kikitafuna.

Kazi yangu ilikuwa kuiuguza blogu, na blogu ilikuwa mgonjwa wa kujitakia. Kwa wasiojua, blogu huongezewa vijiprogramu vidogo ambavyo sisi tuliviita plagini, kila kimoja na kazi yake: hiki kinapunguza uzito wa picha, hiki kinapokea maoni ya wasomaji, kile kinaweka vitufe vya kusheya habari kwenye makundi ya simu. Mwenye akili huweka vichache. Direkta alivizoa kama mtu aliyekaribishwa sherehe ambayo hakuchangia. Aliweka cha hali ya hewa, kikawa kinatuonyesha baridi ya mji fulani wa Ulaya huku sisi tunajipepea kwa karatasi. Aliweka cha kudondosha theluji kwenye skrini, maana, alisema, Rwenzori ina theluji. Basi bei ya maharage, matokeo ya mpira na tanzia vyote vikasomwa chini ya theluji. Picha nazo alizipandisha mbichi kutoka kwenye kamera, nzito kama magunia ya kahawa. Waongoza wageni wa Nyakalengija, ambako mtandao wenyewe hupanda mlima kwa magoti, walikuwa wakinipigia kuuliza kwa nini habari zetu ni maboksi meupe matupu. Zilizofunguka zilifunguka zimelala ubavu. Mheshimiwa mmoja tulimwonyesha amelala hivyo na kipaza sauti mdomoni, na watu wa Ibanda wakauliza amelazwa hospitali gani. Nilimwambia Direkta picha zipunguzwe na kusimamishwa wima kabla ya kupandishwa. Alinitazama kama nimemwambia avue viatu. "Nimenunua kamera kubwa," alisema, "ili nitoe picha ndogo?"

Picha moja tu nzuri aliwahi kuipiga, nayo ni kwa bahati. Alikuwa amekwenda soko la Mpondwe, pale Bwera mpakani, kuandika habari za wafanyabiashara, akamwelekezea kamera mama mmoja kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akiuza vitenge. Jina lake Mama Kavira, mjane, mnene, Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi. Direkta alirudi nyuma hatua moja ili amwenee vizuri, akakanyaga beseni la dagaa la jirani, na Mama Kavira akacheka kicheko cha kutoka tumboni, kichwa juu, vitenge vya rangi zote nyuma yake. Kamera ikalia wakati huo huo. Direkta akaipenda picha ile hata akaifanya kuwa picha ya blogu nzima, ile inayojitokeza pale ambapo habari haina picha yake. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza alipoongeza plagini mpya ya kusheya, yenye vitufe vinavyorukaruka na saa inayohesabu ni mara ngapi habari imesambazwa. Tangu siku hiyo, habari yoyote iliyotumwa kwenye makundi ilifika ikiwa na uso wa Mama Kavira. Barabara ya Bulembia imebomoka: Mama Kavira anacheka. Mitihani imeahirishwa: Mama Kavira anacheka. Kisha tukatoa habari ya mwizi wa mbuzi aliyekamatwa, na kesho yake Mama Kavira, ambaye nilikuwa nikinunua vitenge kwake, akanipigia simu.

"Biira, mutoto yangu," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. "Juu ya nini niko mwizi ya mbuzi?"

Nilimwomba radhi, nikakaa chini kutafuta ugonjwa. Dawa yake haina ujanja: unazima plagini zote, unawasha moja moja, na kila ukiwasha moja unajitumia linki uone inakuja na picha gani. Mchana uleule nilimpata mkosaji. Plagini ya zamani ilikuwa ikiyatangazia makundi picha ya habari yenyewe. Mpya ya Direkta ilikuwa ikitangaza, mbele yake na kwa sauti kubwa zaidi, picha ya blogu. Makundi humwamini anayesema kwanza. Nikaizima ile mpya, na kila habari ikavaa uso wake. Nilimwonyesha Direkta, nikitegemea hata neno asante. Aliangalia pale ilipokuwa ile saa ya kuhesabu, akaona pamebaki patupu.

"Na saa yangu iko wapi?"

"Imeondoka na plagini, Direkta. Ndiyo iliyoleta ugonjwa."

"Wewe msichana, watu wanataka kuona sisi ni wakubwa. Rudisha."

Nikamweleza tena, taratibu, kwamba kuna mama mzima anayeitwa mwizi. Akasema huyo mama anapata matangazo ya bure. Nikakataa kuirudisha, akairudisha mwenyewe. Nikaizima, akaiwasha. Tukaendelea hivyo majuma kadhaa, hatusemezani, kama watu wa nyumba moja wanaogombania dirisha. Wateja wangu wa sasa, maana siku hizi natengeneza tovuti za watu na kazi ninayo ya kutosha, husema kwamba mimi ni mkali kupita kiasi mtu akitaka kuongezewa urembo usio na kazi. Huwa siwaelezi chanzo. Mtu akishaona mwenye mamlaka akichagua namba badala ya uso wa mtu, macho wazi, mbele ya ushahidi, na kisha akageukia ukuta kula nyama yake, kuna kitu ndani hukauka, na kwa kweli sijawahi kukimwagilia maji.

Ndipo akafariki mzee mmoja wa Bwera aliyekuwa akiuza samaki, mtu aliyeheshimiwa pande zote mbili za mpaka. Direkta aliiandika tanzia mwenyewe. Jina la marehemu hakuliweka kwenye kichwa cha habari, maana alikuwa amesoma mahali fulani kwamba ukificha jina watu watafungua. Akaandika: "Majonzi! Mfanyabiashara Maarufu wa Soko la Mpondwe Aaga Dunia. Bofya Ujue Ni Nani." Hakuna aliyebofya. Kwa nini wabofye? Chini ya maneno hayo, kwenye kila simu, kulikuwa na Mama Kavira anacheka. Watu walilia, wakaandika pumzika kwa amani, wakasheya, wote bila kuugusa ule mlango uliokuwa na jina la marehemu nyuma yake. Nimewadharau kwa miaka mingi nao pia, na sioni sababu ya kuacha. Kidole kinachoweza kutuma kifo cha mtu kwenye makundi yote ya ukoo hakiwezi kubonyeza mara moja zaidi kuhakikisha?

Nilipofika ofisini asubuhi nilimkuta Direkta amesimama, jambo la nadra. "Biira, tazama! Beni! Butembo! Wanasheya mpaka Goma!"

"Direkta, wanamlilia Mama Kavira."

"Nani?"

"Mama wa vitenge. Picha ni yake. Watu wanadhani ndiye aliyekufa."

Akatazama. Nakiri kwamba nilimwona akielewa. Uso wake ulielewa. Kisha ile saa ya kuhesabu ikaruka tena, na macho yakairudia. "Habari ni ya kweli," alisema. "Mtu akifungua, anaona jina. Asiyefungua, hiyo ni makosa yake."

"Basi niruhusu niibadilishe sasa hivi."

"Wacha kwanza ipande. Jioni tutaangalia."

Sikungoja jioni. Nilikaa kwenye kompyuta nikaifuta ile plagini kabisa, nikaandika jina la mzee kwenye kichwa cha habari, nikaweka picha yake. Direkta alisimama nyuma yangu akitoa amri kama afande, "Acha! Toa mkono! Nimesema toa mkono!", lakini kunigusa hakuthubutu. Kisha nikagundua jambo ambalo kila mwenye kazi hii hulijua siku moja na hulijua vibaya: kilichokwisha kutumwa hakirudi. Linki mpya ilikuwa safi, lakini zile za tangu jana zilibaki kwenye simu za watu na uso ule ule. Nikampigia Mama Kavira. Simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikachukua mkoba wangu, nikashuka ngazi, nikapanda gari la Bwera.

Umeme ulikuwa umekatika Bwera, na simu ya Mama Kavira ilikuwa imelala kibandani kungoja kuchajiwa. Butembo nzima ilikuwa imempigia, na simu iliyozimwa ikawa ndiyo cheti cha kifo. Nilipokaribia nyumba yake, nyuma ya duka, nilisikia wimbo wa maombolezo. Wanawake wa jumuiya yake ya kanisa walikuwa wamejaa uani, wamebeba kuni, maharage na unga wa muhogo, na mlangoni alikuwa amesimama Mama Kavira mwenyewe na mwiko mkononi.

"Munalilia nani?" aliuliza.

Wimbo ukakatika vipande vipande, wa mbele wakinyamaza kabla ya wa nyuma. "Ni weye, Mama," mmoja akasema kwa aibu.

"Miye niko muzima. Muniangalie vizuri. Niko nasonga bugali."

Walimgusa mabega. Wengine walilia zaidi kuliko mwanzo. Ila mwanamke mmoja mrefu, aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote, alishusha kichwa akauliza kwa uchungu wa kweli, "Na sasa hii kuni tutapeleka wapi?" Mama Kavira akamwonyesha jiko. Ndivyo yakapikwa maharage ya matanga yasiyo na maiti. Tulipata simu, akarekodi sauti kuwaambia watu kwamba yu hai, nami nikaituma kwenye kila kundi nililoweza. Majibu yalianza kuingia. Mmoja alisema sauti hiyo ni ya zamani. Mwingine alisema mashetani wanaweza kuiga sauti. Watu waliokubali kifo bila swali hata moja sasa walikuwa wanadai ushahidi wa uhai.

Tulikuwa bado tunasoma majibu alipoingia Kambale, shemeji wa Mama Kavira kutoka Kasindi, ng'ambo ya daraja la mpaka, ndugu wa marehemu mume wake. Alikuwa amekuja mbio kuliko wote, na chini ya kwapa alikuwa na kufuli jipya, bado limo kwenye boksi lake. Alipomwona Mama Kavira ameketi, alibaki mdomo wazi.

"Ile kufuli ni ya nini, shemeji?"

"Nilifikiri bezi batakuja kuiba kwa duka..."

"Aksanti sana. Leta. Na funguo."

Akatoa funguo. "Yote, shemeji," Mama Kavira akasema, mkono bado umenyooshwa, na Kambale akachomoa nyingine kutoka mfuko wa shati. Wanawake wote uani walisikia ikilia kwenye kiganja. Mama Kavira akaniambia baadaye kwamba siku ile ilikuwa na faida yake, maana ni wachache wanaojaliwa kujua, wangali hai, nani atakuja na kuni na nani atakuja na kufuli.

Lakini tuliposema hivyo tulikuwa hatujajua neno baya zaidi. Mpwa wake alipatikana kwenye simu kutoka Butembo, akasema bibi ameshaondoka. Mama yake Mama Kavira, mwanamke mzee asiye na simu, alikuwa amepanda lori la maharage alfajiri ili aje kumzika binti yake, kwa barabara ile ya Beni yenye waasi, ambayo wakati ule watu waliipita baada ya kuungama. Hapakuwa na namna ya kumpata njiani. Mama Kavira alikaa chini kwenye mchanga, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia. Alisema, "Nikikufa miye ni uongo, lakini mama yangu akikufa itakuwa ya kweli."

Tulikwenda darajani kungoja. Jua liliwaka, wachuuzi walipita na beseni zao vichwani, na askari alitufokea kila tulipousogelea mti wa kizuizi: "Simama kando! Nyinyi wamama, kando!" Kila lori lililovuka, Mama Kavira alishika rozari yake hadi abiria wa mwisho ashuke. Nilikuwa namfikiria Direkta kule juu ya magodoro, akiomboleza plagini yake. Jua lilikuwa limeanza kuegemea milima lilipofika lori la kijani, na kutoka juu ya magunia akateremshwa mwanamke mdogo, mkavu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kitenge kimefungwa kiunoni kwa kamba ya msiba. Alimwona binti yake. Alivua ndala moja, akamwendea, akampiga nayo begani.

"Juu ya nini haujibu simu!"

Kisha akamwangukia kifuani, na Mama Kavira akamdaka.

Direkta alikuja kesho yake kwa pikipiki, amevaa koti la suti, kamera shingoni. Nilimwona akiingia uani tukiwa tunapika, maana wageni waliozuiwa na giza walikuwa hawajarudi kwao. Hakuja kuomba radhi. Alikuja kupiga picha. Alikuwa ameshatunga na kichwa cha habari, akakisema kwa sauti ili tukifurahie: "Mama Kavira Afufuka!" Yule mama mzee, aliyekuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaomba aletewe kiti huyo bwana. Direkta akaketi, akanyoosha tai.

"Ni weye ulisema mutoto yangu alikufa?"

"Hapana, Mama mzee. Si mimi. Ni mashini ilikosea."

"Ile mashini iko na jina gani? Uiite ikuje."

Wanawake waliacha kuchambua maharage. "Haina jina, Mama. Ni plagini tu, kitu ndani ya kompyuta."

"Inakaa wapi?"

"Haikai mahali. Iko kwa mtandao."

"Mama yake ni nani?"

Direkta akacheka kidogo, akatutazama akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. "Haina mama," alisema.

"Haiko na jina, haiko na nyumba, haiko na mama," yule mzee akarudia polepole. "Weye uko na zote tatu. Sasa ni nani alisema mutoto yangu alikufa?"

Direkta aliinuka, na kwa kuwa hakujua kufanya kingine, akainua kamera. Mama Kavira akamgeuzia mgongo. Yule mrefu wa kuni akageuka pia, kisha mwingine, kisha wote, khanga na vitenge na migongo yenye jasho la moto. Tulisikia kamera ikilia. Alipiga hata hivyo. "Biira," alisema, "wewe ni mfanyakazi wangu. Waambie wageuke." Nilisikia jina langu vizuri. Nilikuwa nimeshageuka pamoja nao, nikiutazama ukuta wa udongo na mvuke wa sufuria, na hiyo ndiyo barua ya kuacha kazi pekee niliyowahi kumpa. Aliita tena, mara hii kwa upole. Tulibaki hivyo hivyo mpaka pikipiki ilipowaka.

"Ameenda?" mama mzee aliuliza.

"Ameenda," alijibu Mama Kavira.

"Basi mupakue."